Maneno ya Chumba cha Walimu

Kwenye lango la shule ninayofundisha, nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, kuna mlinzi mzee ambaye kila asubuhi humsalimu kila anayeingia: "Gyebale ko." Kwa Kiluganda hiyo ni salamu, ila ndani yake mna shukrani, kwamba ahsante kwa kazi unayoifanya. Humwambia mwalimu mkuu, humwambia mama wa mandazi, huniambia mimi. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tukimkuta mtu kazini tunamwambia "pole na kazi". Nimezitumia salamu hizo mbili tangu utotoni bila kuzitafakari, mpaka mwaka nilipougua. Ndipo nikatambua kwamba moja inaihesabu kazi kuwa kitu ulichowapa wenzako, nyingine inaihesabu kuwa mzigo uliotwishwa, na kwamba mtu anaweza kushinda kazini kutwa nzima asiambiwe hata moja.

Ugonjwa wenyewe ulianza na kichwa. Kila Jumapili jioni, nikianza kupiga pasi shati la Jumatatu, kichwa kinagonga upande wa kushoto. Baada ya miezi miwili nikaenda zahanati. Nesi akanifunga mkanda wa presha, akasoma, akaufungua, akaufunga tena mkono wa pili. Akaniangalia usoni. "Mwalimu, una mawazo?"

Kwetu neno hilo hubeba mambo mawili kwa pamoja. Mawazo ni fikra, na mawazo ni maradhi. Mtu "mwenye mawazo" hatuulizi anawaza nini, tunajua anaumwa. Nikamjibu kwamba sina. Akaniambia nipunguze chumvi na nimwombe Mungu. Nilifanya yote mawili kwa moyo wangu wote, na Jumapili iliyofuata kichwa kikarudi saa ile ile. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nesi aliuliza swali lililostahili, na kwamba mawazo niliyokuwa nayo sikuyazua mwenyewe. Niliyaokota katika chumba cha walimu, siku baada ya siku, saa nne asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Mwaka huo ulikuwa 2022. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Julai, mwanzo wa mwaka mpya wa fedha, mwalimu wa sayansi mwenye shahada angelipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa sanaa, yaani wa masomo kama Historia au Kiswahili ninachofundisha mimi, mwenye shahada kama hiyo, anayeshika zamu ile ile na kusahihisha madaftari usiku ule ule, alibaki na milioni 1 na kidogo. Katikati ya Juni chama cha walimu, UNATU, kikaitisha mgomo. Mgomo ulikwisha, tukarudi darasani, pengo likabaki palepale. Juni 2025 walimu wa sanaa waligoma tena kwa jambo lilelile.

Wengi wameandika kuhusu fedha hizo na wana haki ya kuandika. Milioni 3 kila mwezi ni karo, ni mabati, ni dawa za mzazi. Mimi nataka kuzungumzia kitu kilichokuja pamoja na fedha, ambacho hakionekani kwenye karatasi ya mshahara. Mshahara huwa unasema. Ule ulisema kwa tarakimu kwamba kuna kazi inayojenga nchi, halafu kuna hizi nyingine. Na maneno hayo hayakubaki Kampala. Yalipanda basi, yakafika kwetu, yakakaa mezani.

Chumba chetu cha walimu kina meza moja ndefu ya mvule. Kabla ya hapo kila mtu alikaa alipopata nafasi. Muhula wa tatu ulipoanza, walimu wa sayansi walikuwa upande wa dirishani, kwenye soketi za kuchajia kompyuta, na sisi wa sanaa upande wa mlangoni. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, wala sikumbuki siku jambo hilo lilipoamuliwa. Kisha yakaja maneno madogomadogo. "Hao wa milioni nne." "Ninyi wa hadithi." Kukiwa na kwaya ya kufundisha, au wageni wa kupokea, au zamu ya mwisho wa juma, jibu lilikuwa tayari: wapewe wa sanaa, wana muda. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, mtoto mwenye adabu kabisa, akaniuliza mbele ya darasa, bila ubaya wowote, "Afande, mtu akisoma Kiswahili anapata kazi gani?"

Hilo "Afande" linahitaji maelezo kwa msomaji aliye nje ya Uganda. Hapa Kiswahili ni lugha ya kambi. Polisi na jeshi ndiko kilikodumu, na katika maeneo mengi ya nchi, hasa Buganda, mtu wa kawaida alikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Ubishi juu yake ni wa zamani. Gavana Gowers wa Uingereza alipotaka mwaka 1927 kitumike katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikipinga. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na yaliyotendwa na askari wake kwa lugha hiyo bado yamo masikioni mwa wazee. Watoto tunaowafundisha leo hawakumwona Amin, wala wazazi wa wengi wao hawamkumbuki, lakini imani kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na mwizi wameirithi nzima, kama kiti kinachoachwa na babu. Ukiingia darasani na chaki, umekalia kiti hicho.

Na tazama jinsi mambo yalivyogongana. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima kidato cha kwanza na cha pili. Na mwanzoni mwa Julai 2022, mwezi uleule wa mishahara mipya, Baraza la Mawaziri lilipitisha kianze kutumika kama lugha rasmi na kufundishwa kwa lazima shuleni, na tarehe 7 dunia ikaadhimisha Siku ya Kiswahili kwa mara ya kwanza. Lugha ilipandishwa jukwaani, na mwalimu wake akaambiwa kwamba yeye ni kama robo ya mwalimu wa chumba cha pili. Nilisikiliza hotuba za siku ile kwenye redio huku nikipiga pasi. Mtu mmoja anawezaje kuyaamini yote mawili juu yake mwenyewe, kwamba anabeba lugha ya bara zima na kwamba kazi yake ni ya kujazia ratiba? Mwili wangu ulijaribu, ukashindwa.

Nimesema mwili kwa makusudi. Tunapozungumza kuhusu imani na mazingira ya kazi, wengi hudhani tunazungumzia furaha, jambo la ziada ambalo mwenye shida halisi hana nafasi nalo. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Harvard, Alia Crum na Ellen Langer, walichapisha utafiti kuhusu wanawake 84 waliokuwa wakisafisha vyumba katika hoteli 7 huko Marekani. Nusu yao hivi waliambiwa kwamba kazi yao, kutandika vitanda na kusukuma mashine za vumbi, ni mazoezi yanayotosheleza yale madaktari wanayoshauri. Wengine hawakuambiwa. Baada ya majuma 4, walioambiwa walikuwa wamepungua uzito na presha yao imeshuka, ilhali wenyewe walisema hawakubadili chochote. Ni utafiti mdogo, na wapo waliouliza kama wanawake hao hawakuongeza bidii pasipo kujua. Lakini kila nikiufikiria huwa natazama kitu kingine: imani ile haikutoka ndani yao. Mtu waliyemheshimu alikuja akawaambia. Na alichowaambia kilikuwa kweli.

Uingereza walianza mwaka 1967 kufuatilia afya ya watumishi wa serikali wanaume, zaidi ya 17,000, na Michael Marmot na wenzake wakaja kuchambua waliokufa na waliobaki. Hawa si watu waliolala njaa. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, ofisi na mshahara usiochelewa. Hata hivyo tarishi na mabawabu wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara 3 ya wakubwa wao wa juu kabisa, na si hao wa chini pekee. Kila ngazi ilikuwa na afya pungufu kuliko ile iliyo juu yake. Sigara na unene vilieleza sehemu tu. Utafiti wa pili ulioanza 1985, ukiwa na wanawake pia, ulionyesha kwamba mtu asiyekuwa na kauli juu ya namna anavyofanya kazi yake yuko katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Niliposoma hayo niliona meza yetu ya mvule, ncha hii na ncha ile.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningesimulia kana kwamba ncha moja tu ndiyo iliyoumia. Nina mwenzangu wa Fizikia. Kwa miaka sita tulipanda boda moja kwenda na kurudi, tukigawana nauli, yeye mbele mimi nyuma kwa kuwa mimi ni mzito. Baada ya Julai hatukugombana. Yeye alianza tu kuondoka mapema, na mimi nikaanza tu kuchelewa. Jioni moja ya Septemba alinikuta kwenye veranda ya maabara nikingoja mvua ipungue. Akasimama kando yangu kimya kwa muda. Halafu akasema, "Mwalimu mwenzangu, tangu mshahara upande sijanywa chai kwa raha."

Nikamwuliza kwa nini, na nakiri nilimwuliza kwa sauti ya ukali. Akaanza kueleza. Kila mchango wa msiba au harusi, macho ya ukoo yanamgeukia yeye kwanza. Amechukua mkopo benki ili ajenge, maana kaka zake walimwambia mtu wa milioni nne hawezi kupanga. Wanafunzi wakianguka mtihani wa majaribio, kikao kizima cha walimu kinamtazama: fedha zile zinafanya nini? Ana vipindi vingi kuliko mimi na maabara isiyo na vifaa, lakini akisema amechoka anacheka mtu, kwa kuwa imeshaaminika kwamba anayelipwa vizuri hachoki. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Hakuwa amemwambia mtu.

Tulisimama pale, wagonjwa wawili wa chumba kimoja. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hoja ninayoitetea leo. Imani tunayokuwa nayo juu ya kazi yetu, kwamba ina maana au haina, kwamba tunastahili au hatustahili, huwa tunaihesabu kuwa mali ya moyo wa mtu mmoja, na ndiyo maana akiumwa tunamtuma akautengeneze moyo wake. Lakini hatukuzaliwa nayo. Tunapewa na wanaotuzunguka, kwa salamu, kwa ratiba, kwa nani anaketi wapi, kwa tarakimu. Kwa hiyo waliotupa ndio wanaopaswa kuulizwa kwanza.

Shule yetu ilifanya kinyume. Ilimwalika mhamasishaji. Alikuja Ijumaa mchana na projekta yake, akatuambia tubadili fikra, neno ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba yoyote nchini. Alikuwa mtu mwema na alijitahidi. Alituambia kila kazi ni kubwa mbele ya anayeipenda, tukapiga makofi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini maneno ya wale watafiti yalifika kwenye miili ya wanawake wa hotelini na maneno ya mgeni wetu hayakufika kwetu, na nadhani jibu ni jepesi. Wale waliambiwa jambo ambalo mikono yao ilikuwa inalithibitisha kila siku. Sisi tuliambiwa jambo ambalo karatasi ya mshahara, ratiba na meza vililikanusha Jumatatu iliyofuata. Mtu hawezi kuamini kwa nguvu zake peke yake kitu ambacho kila kinachomzunguka kinakataa. Na akishindwa, sasa ana mzigo wa pili: anajilaumu kwamba hata kuamini hajui.

Kuna imani nyingine iliyo na mizizi mirefu zaidi, nayo ni subira. Mimi ni Mwislamu, nimefundishwa subira tangu chuoni na siidharau hata kidogo. Imenivusha mahali ambapo hakuna kingine kingenivusha. Wenzangu Wakristo wana kikundi chao cha maombi kila Jumatano wakati wa chakula cha mchana, dakika arobaini katika darasa tupu, na nimewaona wakiingia wameinama na kutoka wamenyooka. Katika nchi ambayo karibu kila mtu ana dini, ofisi isiyo na sala ni nadra, na anayeandika kuhusu afya ya wafanyakazi bila kutaja sala hajafika Uganda. Hata hivyo nimeona subira ikitumiwa vibaya na watu wasioihitaji. "Mvumilivu hula mbivu," tunaambiwa tukiuliza kuhusu marupurupu ya PTA, chama cha wazazi na walimu, yaliyochelewa mihula miwili. Methali hiyo ni ya mkulima anayengoja mkungu alioupanda mwenyewe, aliouona ukitoa ua. Haikutungwa kwa ajili ya mtu ambaye shamba lake halijapandwa kitu. Na lile jingine, "mshukuru Mungu una kazi, wako wangapi mitaani", linamfunga mtu mdomo kwa kamba ya dhambi: akilalamika, amemkufuru aliyempa riziki. Nimemsikia mwalimu mgonjwa akiomba radhi kwa kuugua.

Uchawi nitautaja kwa kifupi. Upo katika maneno ya kazini. Mtu akipandishwa cheo kisha akaugua, minong'ono haikosi. Sheria dhidi ya uchawi ipo tangu 1957 na haijaufuta mnong'ono. Ninachokiona chini yake ni hofu ya watu wasioelezwa kwa nini fulani amepanda na fulani amebaki. Mkubwa anayeeleza uamuzi wake waziwazi hupunguza hofu hiyo.

Nje ya lango letu, ng'ambo ya barabara, kuna steji ya bodaboda. Biashara hiyo ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka boda (yaani mpaka) moja hadi nyingine, na leo ndiyo ajira ya vijana wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hawana mkataba. Zile siku 21 za likizo kwa mwaka ambazo Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi, wao hawazijui hata kwa jina. Kwa kipimo chochote cha vitabuni wangepaswa kuwa na hali mbaya kuliko sisi. Lakini mwaka 2024 kijana mmoja wao aligongwa kwenye barabara kuu ya Kampala, akavunjika mguu. Kabla ya saa sita mwenyekiti wa steji alikuwa ameshapita na daftari. Wawili walipokezana kumpelekea chakula hospitalini, mwingine akaisukuma pikipiki kwa fundi. Aliporudi na gongo, walimwachia kwa mwezi mzima safari fupi za karibu, zile za kupeleka akina mama sokoni. Hakuna aliyewahutubia kuhusu mshikamano. Majina yao yako kwenye ubao wa mbao uliopigiliwa kwenye mwembe, na mtu asipofika kufikia saa moja, mwenzake anampigia simu.

Juma lilelile, mwenzetu wa Historia alikuwa hajaonekana kazini kwa siku kumi na mbili. Tulikuwa walimu arobaini na kitu. Ilibidi mwanafunzi aje kuuliza ndipo mtu mmoja kwenye meza akasema, "Kumbe hayupo?"

Aliposema hivyo nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Mimi pia sikuwa nimeona.

Simsifu bodaboda kupita kiasi. Steji hiyohiyo humtoza mgeni kiingilio kisichokuwa haba, na humfukuza asiyependwa. Na imani yao kwamba mwanamume haogopi ndiyo inayowapandisha pikipiki bila kofia ngumu. Aliyeinunua huivaa siku mbili, akachekwa, akaitundika kwenye usukani. Kundi linaloweza kukuuguza linaweza pia kukuua. Ndiyo sababu nasema imani za kundi ni sehemu ya mazingira ya kazi kama kiti na taa, na zinapaswa kutazamwa kwa uangalifu uleule.

Uganda imewahi kuifundisha dunia kuhusu jambo hili, na inanisikitisha kwamba wachache tunajua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Masaka na Rakai, wilaya zilizokuwa zimeumizwa sana na UKIMWI, watafiti walitaka kujua watu wanaiitaje huzuni iliyozidi. Wanakijiji wakawapa maneno mawili: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza. Hili la pili hutafsiriwa kuwa kujihurumia, lakini ukilichunguza lina kina zaidi. Okukubagiza ni kumpa mtu pole msibani, kuketi naye, kumfariji. Okwekubagiza ni kujifanyia hivyo mwenyewe. Ni mtu anayekaa peke yake akijipa pole, kwa sababu hakuna mwingine aliyempa.

Dawa waliyojaribu ilikuwa vikundi. Vijiji 30 vilihusika. Katika nusu yake watu walikutana mara moja kwa juma kwa majuma 16, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa majuma 2 tu. Hawakupewa vidonge. Walizungumza kuhusu msiba, ugomvi, mabadiliko na upweke, na kutafuta pamoja la kufanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya vikao, waliobaki na dalili za sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vile visivyo navyo asilimia 54.7. Wasomi wa mbali walishangaa. Bibi yangu asingeshangaa. Buganda kuna munno mukabi, chama cha rafiki wa wakati wa dhiki. Akina mama wana nigiina zao, vikundi vya kuchangiana. Msibani kuna mabugo, mchango wa rambirambi. Tunajua tangu zamani kwamba mtu hafarijiki peke yake. Ajabu ni kwamba tukivuka lango la ofisi tunakisahau kila tunachokijua kijijini, na kumwacha kila mtu na okwekubagiza yake.

Shirika la Afya Duniani lilipoeleza mwaka 2019 kuchoka kule kunakomkausha mtu moyo, lilikuita jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa. Halikusema ni udhaifu wa mtu. Na Uganda iliridhia mwaka 2023 Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini, ule wa kudhuru nafsi ukiwemo. Kwa hiyo wakubwa wa kazi hawawezi tena kusema mambo haya ni ya mchungaji na shehe peke yao. Sitaki kila shule iajiri mtaalamu wa saikolojia. Fedha hizo hazipo na kila mtu anajua. Nataka wakubwa waulize maswali ya bei rahisi. Nani hajaonekana juma hili? Kazi zisizo na jina huwa anapewa nani? Vipindi vya nani vimewekwa saa nane mchana, watoto wakiwa wamekula posho, yaani ugali, na maharage na vichwa vimelala juu ya madawati?

Hilo la mwisho silitaji kwa mfano tu. Kwa miaka mitatu Kiswahili chote katika shule yetu kilikuwa saa nane na saa tisa. Nilikuwa nimeshaamini kwamba watoto hawanipendi. Mwaka 2024 tulipata mwalimu mkuu mpya, mama mmoja wa Kemia, na katika kikao chake cha kwanza aliibandika ratiba ukutani akaitazama kimya, kisha akauliza ni nani aliyeamua hivi. Hakuna aliyejua. Ilikuwa imenakiliwa tu, muhula kwa muhula. Akachukua kalamu. Zamu na kwaya zikagawanywa upya kwa majina, sayansi na sanaa. Meza hakuigusa, alikuja tu na kikombe chake, akaketi upande wa mlangoni.

Mwenzangu wa Fizikia na mimi, pamoja na yule wa Historia na wengine wanne, sasa tunabaki Alhamisi baada ya vipindi. Hatuna jina wala katiba. Mtu akiwa na jambo analisema. Mshahara haujabadilika, na sitaki mtu asome makala haya akadhani kuketi pamoja kunalipa karo. Pengo lile ni dhuluma na litabaki dhuluma mpaka lizibwe. Lakini tulipogoma mwaka 2025, yule wa Fizikia, ambaye mgomo haukumhusu, alipita nyumbani kwangu jioni akiwa na kilo mbili za sukari. Aliniambia, "Pole na kazi, mwalimu," nami siku hiyo sikuwa nimefanya kazi yoyote.

Kiswahili cha kidato cha pili sasa ni Jumanne saa mbili asubuhi. Bado wananiita Afande. Presha imeshuka kiasi, haijafika inapotakiwa, na kila mwezi narudi kwa nesi yuleyule. Mara ya mwisho alinifunga mkanda, akasoma, akaniuliza swali lake lilelile.

"Ninayo, sista," nikamwambia.

Akavuta kiti.